Gazeti la Kichwa Chini Kwenye Ukuta wa Bibi Namkunda

Nyie watu wa Kidato cha Tatu B, nimechoka. Tangu Jumatatu kila ninayekutana naye ananiuliza yale yale: nilikuwa wapi likizo, chokaa ya kwenye nywele imetoka wapi, na eti ni kweli babu yangu ni mwizi. Naandika mara moja tu, kwenye daftari la Jiografia ambalo lilikuwa halina kazi nyingine. Lipokezaneni. Mwalimu akilikamata, semeni ni la Upendo.

Same: sahani iliyoachwa

Mnajua mama kajifungua mtoto wa kiume. Miezi tisa yote sikuwaambia, kwa sababu kupata mdogo wako ukiwa na umri wangu ni aibu ya kutosha bila msaada wenu. Lakini katoka na mashavu mazuri, nimemsamehe.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hatafutiwi jina. Anachukua la babu yake mzaa baba, basi. Mimi naitwa Nakijwa kwa sababu marehemu bibi, mke wa babu, aliitwa Nakijwa. Ndiyo maana babu ananiita "bibi", asubuhi ananiuliza nimeamkaje kwa heshima zote, halafu ananituma maji kama kawaida. Yeye mtaani ni Mwalimu Elinihaki, kafundisha mpaka kastaafu, ila jina lake la ndani, la ukoo, ni Kiondo. Kwa hiyo mtoto ni Kiondo. Hakuna mjadala.

Mama alikuwa na mjadala. Mama alitaka Jayden.

Jumatano usiku tunakula makande, baba akatangaza: "Jumapili ya wiki ijayo mtoto anabatizwa. Kiondo."

Babu akaweka kijiko chini. Kwa msiomjua babu: huyu mtu haachi makande. Siku upepo ulipoezua paa la jiko letu alihamisha sahani tu, akaendelea. Sasa kaacha nusu nzima, na parachichi juu.

"Jina hilo liacheni," akasema. "Lina kesi."

Kesi yenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia. Babu wa babu yangu naye aliitwa Kiondo. Zamani hizo, uhuru ukiwa bado mbichi, kule Bombo mlimani, kijijini kwetu, aliiba maji. Msicheke. Kule kuna ndiva, yaani bwawa la udongo linalokinga maji ya kijito, lina tundu moja la kuzibua, na kila ukoo una siku yake ya kumwagilia. Ukizibua siku isiyo yako ni sawa na kuingia nyumba ya mtu ukabeba kitanda. Mzee Kiondo, wakati huo ana miaka kama sabini, alizibua siku ya Jumapili, watu wako kanisani. Akafungwa miezi mitatu, na gazeti likaandika.

"Gazeti lipi?" nikauliza.

"Namkunda, jirani yetu wa kule Bombo, alilibandika ukutani kwake," babu akasema. "Tena lipo mpaka leo."

Mama akambembeleza mtoto. "Basi Jayden wangu, nyamaza baba."

Sikulala vizuri. Mdogo wangu kwenda kuitwa Jayden kijijini Bombo, kwenye sherehe, mbele ya wazee! Nikajiambia: magazeti hukosea. Nikalione, nitafute kosa, nimsafishe huyo mzee, jina lirudi. Asubuhi nikampigia simu mjukuu wa Bibi Namkunda. Akasema gazeti lipo, lakini niwahi, kwa sababu nyumba ya zamani inabomolewa Jumamosi saa nne asubuhi, fundi keshapatikana.

Ilikuwa Alhamisi. Nikamwambia babu twende. Akasema, "Sawa, bibi." Nilidhani ni rahisi hivyo.

Same hadi Hedaru: mwendo wa kobe mwenye miwani

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, tuko stendi. Basi la kwanza likaja. Babu akasema halina sura nzuri. La pili lilikuwa na sura nzuri, ila yeye alikuwa ameenda kunywa chai. La tatu tulipanda, akashuka kwa sababu kasahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa usoni. Nilipomwonyesha akasema, "Hii ni ya karibu."

Tuliondoka saa nne. Nikatumia muda kuchora ukoo kwenye karatasi ya grafu. Kumbe ukoo wetu hauna ubunifu hata kidogo. Juu kabisa Kiondo, akamzaa Senzota. Senzota akamzaa Kiondo, ndiye babu. Babu akamzaa Senzota, ndiye baba. Baba akamzaa huyo mwenye mashavu. Kiondo, Senzota, Kiondo, Senzota, kama matofali ya rangi mbili.

"Babu, nyie hamkuchoka?"

"Kuchoka na nini? Mtu akifa, jina linabaki linatembea nyumbani. Unaliita, linaitika."

"Na likiwa na kesi?"

Akageukia dirishani akawa anahesabu mikonge.

Hedaru basi lilisimama dakika kumi. Nikanunua mayai ya kuchemsha mawili na kachumbari. Kugeuka, babu hayupo. Nikamkuta duka la pembejeo, amekaa kwenye gunia la mbolea, mwenye duka mzee mzima amesimama mbele yake mikono nyuma.

"Huyu nilimfundisha," babu akaniambia. "Namsikiliza kidogo hesabu za saba."

"Babu, basi!"

"Saba mara nane?" babu akamuuliza yule mzee.

"Hamsini na... Mwalimu, nina wateja."

"Ya nane hujawahi kuijua tangu darasani. Rudia."

Honi ikalia, basi likaondoka. Mwenye duka alikuwa bado yuko hamsini na nne.

Hedaru hadi Bendera: mgeni rasmi

Mwenye duka, kwa aibu ya hamsini na nne, akatutafutia lori la kupeleka saruji Bendera. Dereva alikuwa Msukuma mcheshi. Babu akakaa mbele, mimi katikati na gia mapajani.

"Shikamoo mzee. Mnaenda msibani?" dereva akauliza.

"Marahaba. Tunaenda kusoma ukuta," nikajibu.

Dereva akanitupia jicho la pembeni kilomita mbili. Kisha akamuuliza babu kwa upole, "Mzee, mjukuu alianza kuumwa lini?"

Babu, badala ya kunitetea, akasema, "Tangu Jumatano."

Kuanzia hapo yule dereva aliniongelesha polepole kama kiziwi na kuninunulia soda kila tuliposimama. Nilikunywa tatu. Sikuona sababu ya kurekebisha.

Bendera tulifika saa kumi, jua linachoma mpaka mashamba ya mahindi yamejikunja. Gari la mwisho la Bombo lilikuwa limeshapanda. Zilikuwepo bodaboda, vijana watatu wamelala juu ya matanki wakisubiri abiria. Babu akasema mgongo wake na pikipiki hawasalimiani. Tukalala kwa mama mmoja wa mgahawa, mzaliwa wa Kigoma aliyekuja enzi za kazi za mkonge na hakuondoka. Alitupa wali na maharage na mkeka. Mimi nahesabu saa. Babu anamsimulia mama historia ya nchi kuanzia mwanzo.

"Mama," nikamnong'oneza, "wazee wote huwa hivi? Yaani kila kitu taratibu?"

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akamtazama babu, akanitazama. "Mtu akienda anakotaka kwenda, hata kama ana miaka mia, anavaa viatu kwanza kabla hujamwambia," akasema. "Huyu wako tangu kafika hajauliza njia."

Nikadhani ni mambo ya Kigoma. Nikalala.

Bendera hadi Bombo: babu apakiwa

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo, babu akaanza kusema miguu inauma. Nikamaliza uungwana. Nikachukua bodaboda mbili, nikamwambia kijana wa kwanza, "Huyu ni mgonjwa wa moyo, asishushwe njiani hata akiomba." Tulimpakia babu kama debe la mafuta. Alipita kwenye kona ya kwanza ya mlima anapiga kelele, "Bibi! Bibi Nakijwa! Hii ni jinai!"

Njia ya Bombo inapanda kama ina ugomvi na wewe. Chini kuna joto na vumbi, kona kumi baadaye kuna ukungu na migomba, na meno yanagongana. Kona moja pikipiki yangu ilishindwa, nikashuka kusukuma. Hapo ndipo kijana akaniuliza, "Mzee ana nini kweli?" Nikasema jina. Akasema dawa yake hospitali ya wilaya wanayo.

Tulifika saa tatu na dakika arobaini. Nyumba ya udongo imesimama nyuma ya mpya ya matofali. Fundi ana nyundo kubwa begani. Na mbele ya mlango, kwenye kigoda, kakaa bibi mmoja mdogo kama kuku, fimbo mapajani, kamzuia fundi asipite.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Umechelewa," akasema. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama babu, ambaye alikuwa bado anashushwa kwenye pikipiki mguu mmoja mmoja.

Ukutani

Ndani palikuwa na giza la moshi. Zamani kule walibandika magazeti ukutani kuzuia upepo na kunguni, na Bibi Namkunda alibandika chumba kizima. Baadaye wanawe wakapaka chokaa, lakini upande wa kitanda aliwakataza. Matangazo ya baiskeli, sabuni, mtu anatabasamu na redio. Na juu ya mto, ukurasa mmoja wa rangi ya chai.

Umebandikwa kichwa chini.

"Bibi, mbona hivi?"

"Nilikuwa sijui kusoma," akasema. "Niliambiwa habari iko upande huu. Chini na juu hawakuniambia."

Nilijaribu kuinamisha shingo, ikagoma. Nikatoa simu nipige picha, kumbe imezima chaji. Nyundo ya fundi inagonga ukuta wa nje, anajaribu uimara. Basi nikafanya nililojifunza kwenye michezo hapa hapa shuleni: nikaweka mikono chini kwenye mto, nikarusha miguu juu, nikasimama kwa kichwa. Miguu ikagonga ukuta wa pembeni, chokaa yake yote ikanimwagikia. Haya, mmejua ilikotoka. Na kabla hamjauliza, nilivaa suruali.

"Soma kwa sauti," Bibi Namkunda akasema. Babu alikuwa amesimama mlangoni, hajaingia.

Nikasoma huku damu inashuka kichwani. Mgeni wa serikali alikuwa anakuja kufungua zahanati Bombo. Kiangazi kikavu, lakini gari lake likazama kwenye tope hadi milango. Wananchi waliotoka ibadani kulisukuma wakagundua ndiva iko tupu na maji yote yameshuka barabarani. Mtu aliyeonekana akikimbia kutoka pale ni kijana aitwaye Kiondo Senzota, mkazi wa hapo.

Nikapiga kelele ya ushindi, nikiwa bado juu chini. "Babu! Limekosea! Limeandika kijana! Babu yako wakati huo si alikuwa na miaka sabini? Si yeye! Ni mtu mwingine!"

"Ni mtu mwingine, ndiyo," babu akasema.

"Nilijua! Kuna mtu mwingine alikuwa anaitwa..." Nikaona karatasi yangu ya grafu imeanguka kitandani mbele ya pua yangu. Kiondo. Senzota. Kiondo wa Senzota. Halafu Senzota tena.

Nilianguka. Si kwa mshtuko, mikono ilichoka, ila ilionekana kama mshtuko.

Nyundo ikanyamaza. Babu akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua miwani ya karibu.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane," akasema. "Kulikuwa na msichana, shamba lake la maharage linanyauka, na siku ya ukoo wao ilikuwa bado siku nne. Nikaona Jumapili wote wako kanisani. Nikazibua."

"Msichana gani?"

"Wewe," akasema. "Yaani Nakijwa. Bibi yako."

Nimewahi kutukanwa, sijawahi kuchanganywa hivyo.

"Wiki ile ile barua yangu ya chuo cha ualimu ilikuwa imefika. Ya kwanza ukoo mzima. Baraza lilipokaa wakaita Kiondo wa Senzota. Miguu yangu ikagoma. Babu yangu, ambaye naye baba yake aliitwa Senzota, akasimama, akasema, ni mimi. Hakunitazama hata. Aliponda mawe miezi mitatu. Aliporudi amekonda hivi, aliniuliza kitu kimoja tu, chuo kinaendaje. Mwaka uliofuata akafa, na watu hawakumpa mtoto yeyote jina lake. Nimekula mshahara wa jina hilo maisha yangu yote, bibi. Nitamvalishaje mtoto kitu nilichokichafua mimi na kumwachia mwenzangu?"

Bibi Namkunda akagonga fimbo sakafuni.

"Nilikuona," akasema. "Jumapili ile nilikuwa na homa, sikwenda kanisani. Nilikuwa dirishani. Mimi ndiye niliyemwambia mwandishi aandike kijana. Miguu ya mzee wa miaka sabini haikimbii vile, kama mbuzi aliyekula pilipili."

"Mbona hukusema barazani?" babu akauliza.

"Wewe uliniuliza? Baraza liliniuliza? Mzee Kiondo alikuja hapa, akaniomba. Akasema, mwache asome, atasema mwenyewe akikua." Akamtazama babu, mvi mpaka kwenye masikio. "Nilidhani utakua mapema. Nimepigana na wanangu, nimepigana na chokaa, leo nimepigana na nyundo. Kumbe unasubiri kuletwa na mtoto wa kike."

Nikakumbuka mabasi matatu, chai, miwani, saba mara nane, mgongo na pikipiki. Nikamgeukia. "Babu! Ulikuwa unasubiri ukuta ubomolewe!"

"Saa nne ilikuwa imebaki dakika ishirini tu," babu akasema kwa masikitiko. Wallahi alionekana kama timu iliyofungwa dakika za majeruhi.

Ndani ya ndiva

Bahati, au Bibi Namkunda alipanga, sijui: Jumamosi hiyo ilikuwa ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na kazi yenyewe ilikuwa kuzoa tope la ndiva. Watu kama hamsini wamo ndani, majembe na makarai. Babu alikunja suruali ya safari mpaka magotini, akashuka kwenye tope. Nilimfuata nimshike, akanisukuma.

"Mimi ni Kiondo wa Senzota," akasema kwa sauti ile ya gwaride la asubuhi shuleni. "Aliyeiba maji ya ndiva hii ni mimi. Babu yangu hakuiba kitu. Alinibebea."

Nikaogopa. Kule maji si mchezo, na tope lilikuwa jingi, mikono ya watu imejaa majembe.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akaegemea jembe. "Ulikuwa unampelekea nani?"

"Nakijwa. Maharage yake."

"Maharage yalipata?"

Babu akatazama chini. "Nilisahau kuchomoa kigingi kilichoziba mfereji wa kwenda shambani kwake. Yote yalikwenda barabarani."

Hapo ndiva nzima ililipuka. Mama mmoja alikaa kwenye tope kwa kucheka. Mtu akapiga kelele, "Mwalimu mzima!" Mwingine, "Na akakubali kuolewa na wewe hivyo hivyo?" Babu akasema, "Alisema nimejaribu."

Mzee wa kofia alipomaliza kufuta machozi akawa hacheki tena. "Mwaka ule walipofukua ndiva baada ya wewe kuikausha, ukoo wenu haukuitwa. Tangu siku hiyo hamjawahi kuitwa kwenye kazi hii. Sisi tulizaliwa tukakuta hivyo, hatukuuliza." Akamrushia jembe. "Ingia. Upande ule."

Babu alilima tope mpaka saa nane. Mtu aliyeniambia asubuhi miguu inauma. Mimi nilibeba makarai kumi na saba, nikateleza na matatu. Kisha wakatulisha makande kwenye majani ya migomba, na kila aliyepita mbele ya babu alimuuliza kwa heshima, "Shikamoo Kiondo, hapa maji yanaelekea wapi?"

Kurudi Same

Fundi alibomoa nyumba jioni, lakini upande wa kitanda aliukata kwa msumeno, taratibu, kipande cha ukubwa wa trei, udongo na gazeti juu yake. Tulikifunga kwenye kitenge cha Bibi Namkunda. Nilikibeba mapajani kutoka Bombo mpaka Same, Jumapili nzima, na kila konda alitaka kujua ni keki ya nani. Babu hakushuka kunywa chai hata mara moja. Hedaru tulipita tu bila kushuka, akatoa kichwa dirishani akapiga kelele kuelekea duka la pembejeo, "Hamsini na sita!"

Nyumbani baba alisikiliza yote, akatoka nje akakaa kwenye ngazi peke yake. Mama alisikiliza yote akiwa ananyonyesha. Mwisho akasema, "Huyo mzee alikwenda kuponda mawe bila hata kumwangalia mjukuu?"

"Bila hata kumwangalia," nikasema.

Akamfuta mtoto maziwa mdomoni. Sikumsikia tena akisema Jayden, ingawa nina wasiwasi analitumia kwenye simu.

Kipande cha ukuta kiko sebuleni. Baba alitaka kukigeuza ili kisomeke. Babu akakataa. Anayetaka kusoma apate shida kidogo, anasema. Kwa hiyo mkija kwetu msishangae kumkuta mchungaji kainamisha kichwa kama anasikiliza tumbo la mtu.

Jioni ile tuliporudi mama alipasha makande. Babu alikula sahani yake, akaomba nyingine, akaweka parachichi juu. Halafu, kijiko kikiwa bado mkononi, akatazama kuelekea chumbani mtoto alikokuwa analia.

"Mleteni Kiondo," akasema. "Mleteni, nimsalimie."

Mama akamleta, akamweka mapajani kwa babu. Babu akamwinamishia kichwa chenye mvi, yeye mzee wa miaka themanini, mbele ya kitoto cha wiki sita.

"Shikamoo, babu," akasema. "Chuo kiliisha vizuri."